Kipimo Kitangulie Kuunganisha: Usafi wa Umeme katika Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero limelipatia taifa umeme kwa nusu karne. Pale Kidatu, kwenye mlango wa kaskazini wa bonde, maji ya mto Ruaha Mkuu yalianza kuzungusha mitambo mwaka 1975, na baada ya upanuzi wa mwaka 1980 kituo hicho kilifikia uwezo wa megawati 204. Upande wa kusini-magharibi, mto Kihansi huporomoka kiasi cha meta 850 kutoka ukingo wa milima ya Udzungwa mpaka kwenye mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja, iliyoanza kazi kati ya mwaka 1999 na 2000. Mto Kilombero wenyewe, ukisha kupita Ifakara, huupelekea mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Na maji hayo huzungusha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye jumla ya megawati 2,115, ambayo yote ilikuwa imekamilika mwaka 2025.

Umeme wote huo watokana na nishati jadidifu, yaani nishati isiyokwisha kwa kutumiwa. Lakini nishati jadidifu si ya namna moja. Afrika ya Mashariki imekwisha kuingia katika zama za jua na upepo. Nchini Kenya, mitambo 365 ya upepo iliyoko karibu na ziwa Turkana ina uwezo wa megawati 310, na kituo cha jua cha Garissa, kilichozinduliwa mwaka 2019, kina megawati 50. Nchini Tanzania, kituo cha jua cha Kishapu, mkoani Shinyanga, kimepangwa kufikia megawati 150 kwa awamu, ya kwanza ikiwa ya megawati 50. Aidha, taratibu za nchi zinawaruhusu wazalishaji wadogo, wasiozidi megawati 10, kuliuzia umeme Shirika la Umeme, TANESCO. Basi si ajabu iwapo siku moja uwanja wa paneli za jua utaunganishwa na nyaya za kilovolti 33 zinazotoka katika kituo cha kupozea umeme cha Ifakara.

Siku hiyo watu watasema kwamba bonde limepata umeme safi. Neno hilo lina maana mbili, na hapana budi zitenganishwe. Umeme waweza kuwa safi kwa sababu haukutoa moshi. Na waweza kuwa safi kwa sababu wimbi lake halina kasoro. Usafi wa kwanza haudhamini wa pili. Makala haya yashughulikia usafi wa pili, na hoja yake ni moja: usafi wa wimbi haujulikani kwa kusoma cheti cha kiwandani, bali kwa kupima mahali penyewe mtambo unapounganishwa, kabla na baada ya kuunganishwa.

Wimbi na hamoniki zake

Volteji ya umeme wa gridi hupanda na kushuka mara 50 kwa kila sekunde. Ikichorwa kwenye karatasi ya grafu, yapasa iwe wimbi la saini, lile ambalo wanafunzi wa hisabati hulifahamu. Mwaka 1822 mwanahisabati wa Kifaransa, Joseph Fourier, alichapisha kitabu juu ya joto ambamo alieleza jambo lililogeuka kuwa msaada mkubwa kwa wahandisi: wimbi lolote linalojirudia, hata likiwa na sura mbaya namna gani, laweza kugawanywa katika mawimbi ya saini. Moja ni wimbi la msingi. Mengine yana marudio ambayo ni vigawe vya marudio ya msingi. Hayo mengine ndiyo yaitwayo hamoniki. Ikiwa wimbi la msingi ni la hezi 50, hamoniki ya tatu ni ya hezi 150, ya tano ni ya hezi 250, na ya saba ni ya hezi 350.

Mpiga zeze hulijua jambo hili kwa sikio. Uzi mmoja hautoi sauti moja tu. Juu ya sauti ya msingi huja sauti nyembamba zaidi, na hizo ndizo zinazolifanya zeze lisikike kuwa zeze, si filimbi. Katika muziki hamoniki ni pambo. Katika umeme ni mzigo.

Mzigo huo una namna nyingi. Hamoniki ya tano huunda katika mota ya njia tatu uga wa sumaku unaozunguka kinyume cha mwendo wa mota. Mota huvutwa nyuma kidogo na kupata joto lisilo na kazi. Hamoniki ya tatu haifutiki katika waya wa nyutro bali hujumlika humo, hata waya huo ukapata moto ingawa mizigo ya njia tatu imesawazishwa. Transfoma nazo hupata joto la ziada, na insheni zake huzeeka kabla ya wakati. Ni ubaya usiopiga kelele: taa zawaka, mashine zasaga, lakini maisha ya vifaa yanapungua. Katika mji kama Ifakara, wenye mashine za kukoboa mpunga, hospitali ya rufaa ya Mtakatifu Fransisko na maabara za Taasisi ya Afya Ifakara, gharama ya kupungua huko yaweza kuangukia mtu asiyejua imetoka wapi.

Jenereta na inveta

Mitambo ya Kidatu na Kihansi hutumia jenereta za sumaku inayozunguka. Koili za jenereta hizo hupangwa kwa uangalifu, na wimbi linalotoka hukaribia sana saini. Ndivyo ilivyo hata katika kiwanda cha sukari cha Kilombero, ambako makapi ya miwa huchomwa ili kupata mvuke na umeme. Kwa hiyo bonde limezoea wazalishaji wasiochafua wimbi.

Paneli ya jua haina kinachozunguka. Hutoa mkondo mnyoofu, na lazima mkondo huo ugeuzwe kuwa wa kubadilika kabla haujaingia kwenye gridi. Kazi hiyo hufanywa na inveta, chombo chenye transista zinazofunga na kufungua maelfu ya mara kwa sekunde. Wimbi la saini hapa halizaliwi. Huundwa kwa vipande vipande, kisha hulainishwa kwa chujio. Mitambo mingi ya kisasa ya upepo nayo hutumia vigeuzi vya jamii hiyo. Vigeuzi vya kale vya hatua sita vilikuwa vichafu mno: kwa nadharia, hamoniki ya tano ya mkondo wake ilikuwa sehemu moja ya tano ya mkondo wa msingi, na ya saba sehemu moja ya saba. Inveta za leo ni bora mara nyingi, na nyingi hutoa uchafu chini ya asilimia 5 zikiwa katika nguvu kamili.

Lakini yafaa kuuliza: asilimia 5 ya nini? Na ichukuliwe inveta ya ampea 100. Saa sita mchana hutoa ampea 100, na ndani yake mna ampea 3 za hamoniki. Uchafu ni asilimia 3. Alfajiri inveta hiyo hiyo hutoa ampea 10 tu, na ndani yake mna ampea 2 za hamoniki. Uchafu sasa ni asilimia 20. Atakayeitazama asilimia peke yake atasema alfajiri ni wakati wa hatari. Atakayetazama ampea ataona kwamba mtandao unasumbuliwa zaidi mchana. Ndiyo sababu tathmini nzuri hulinganisha hamoniki na mkondo kamili ambao mtambo umeundiwa, si na mkondo wa dakika ile.

Sehemu ya mtandao

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba uchafu ni sifa ya mtambo peke yake. Mtambo hutoa mkondo wa hamoniki. Mkondo huo ukipita katika nyaya na transfoma hukuta ukinzani, na hapo ndipo volteji inapochafuka. Mkondo ule ule, ukiingizwa karibu na kituo chenye nguvu, hauleti madhara makubwa. Ukiingizwa kwenye ncha ya waya mrefu, huchafua volteji ya kijiji kizima. Mafundi hupima uimara wa mahali kwa nguvu ya shoti, yaani nguvu ambayo ingemiminika pale kama nyaya zingegusana. Mahali penye nguvu kubwa ya shoti ni imara. Penye ndogo ni dhaifu.

Kisha kuna kapasita. Mteja mkubwa wa umeme hulipia pia mahitaji yake ya juu kwa kilovolti-ampea, na mwenye mota nyingi hupunguza mahitaji hayo kwa kufunga kapasita. Ni uamuzi wa busara. Lakini kapasita na mtandao kwa pamoja hufanya kitu mfano wa bembea: kina mwendo wake wa asili, na kikisukumwa kwa mwendo huo, hata kwa kidole, hupanda juu sana. Hali hiyo huitwa rezonansi. Namba ya hamoniki itakayoitikiwa hupatikana, kwa kukadiria, kwa kugawanya nguvu ya shoti kwa ukubwa wa kapasita na kutafuta kipeuo cha pili cha jibu.

Huu hapa mfano wa darasani. Mwenye mashine ya mpunga ana kapasita ya megavolti-ampea 1.2. Ikiwa yuko karibu na kituo, mahali penye nguvu ya shoti ya megavolti-ampea 120, jibu ni 100, na kipeuo chake cha pili ni 10. Hamoniki ya kumi ni haba katika mitandao. Hakuna la kuogopa. Ikiwa yuko mbali, mahali penye megavolti-ampea 30, jibu ni 25, na kipeuo chake cha pili ni 5. Hamoniki ya tano ndiyo iliyo nyingi kuliko zote. Kapasita ni ile ile, inveta ni ile ile, na cheti cha kiwandani ni kile kile. Mahali tu ndipo palipobadilika. Hakuna kiwanda, kiwe cha China au cha Ujerumani, kinachoweza kuandika katika cheti chake namna mwisho wa waya fulani wa Kilombero utakavyoitikia.

Nani mchafuzi?

Yafaa pia haki itendeke kwa mgeni. Hata kabla ya paneli moja kufungwa, mtandao una hamoniki zake: zatoka kwenye taa za kisasa, runinga, chaja za simu, kompyuta na mota zinazoendeshwa kwa vidhibiti mwendo. Siku mtambo wa jua unapounganishwa, mpimaji akikuta volteji imechafuka, ni rahisi kumnyoshea kidole mgeni. Pengine mgeni hana hatia. Tena chujio la inveta lina kapasita ndani yake, na laweza kunyonya hamoniki zilizotoka kwa jirani. Mita iliyowekwa mlangoni itaonyesha mkondo wa hamoniki ukipita, lakini haitasema peke yake kama mtambo unatoa au unapokea.

Wala uchafu wa wengi haujumlishwi kama mahindi ghalani. Mitambo miwili yenye hamoniki za ampea 6 na ampea 8 yaweza kuleta pamoja ampea 14, ikiwa mawimbi yake yanakwenda sambamba. Ampea 10, ikiwa yametengana kwa robo mzunguko, kama pembetatu ya Pythagoras inavyoonyesha. Au ampea 2 tu, ikiwa yanapingana. Kwa hiyo hesabu ya mezani ni makadirio. Kipimo ndicho hakimu.

Bahati njema, jua lenyewe hurahisisha uchunguzi. Usiku mtambo wa jua hauzalishi. Mpimaji aliyerekodi majuma kadhaa kabla ya kuunganishwa, kisha akarekodi usiku na mchana baada ya kuunganishwa, ana mambo matatu ya kulinganisha. Aliyekuja baada ya mtambo kuwaka amekwisha kupoteza lililo muhimu kuliko yote, yaani hali ya awali. Hakuna chombo cha thamani yoyote kinachoweza kurudi nyuma kuipima.

Saa nane zinazosamehewa

Viwango vya kimataifa vimeeleza vizuri namna ya kupima. Mzunguko wa mita huchukua mizunguko 10 ya wimbi, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Vipimo hivyo hukusanywa katika wastani wa dakika 10. Na kazi huendelea kwa juma zima. Juma lina vipindi 1,008 vya dakika 10. Kiwango kinachotumika Ulaya, EN 50160, chataka asilimia 95 ya vipindi hivyo visizidi uchafu wa jumla wa asilimia 8 ya volteji. Uchafu wa jumla hupatikana kwa kujumlisha vipeo vya pili, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jibu: hamoniki ya tano ikiwa asilimia 4 na ya saba asilimia 3, jumla si 7 bali 5.

Hapa msomaji makini atasita. Asilimia 5 ya vipindi 1,008 ni vipindi 50, yaani zaidi ya saa nane kwa juma ambazo kanuni hiyo inazisamehe. Kama saa hizo zimetawanyika, hakuna neno. Lakini bonde la wakulima lina majira yake. Wakati wa mavuno ya mpunga mashine za kukoboa huenda pamoja, na saa nane hizo zaweza kuangukia siku zile zile, mchana ule ule, ambapo jua ni kali na mota zimejaa kazi. Ripoti itasema mtandao umefaulu; fundi wa mashine atasema mota imeungua; na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Kwa sababu hiyo si vema kuazima kiwango na kukitumia bila kuyasoma mazingira. Vipimo vya Kilombero vifanywe wakati wa mavuno na wakati wa kiangazi kikavu, na orodha ya saa zilizozidi itolewe, si asilimia peke yake.

Mgawo wa haki

Jambo jingine ni la uadilifu kuliko ufundi. Nafasi ya uchafu katika waya mmoja ina mpaka, kama maji ya mfereji. Mkulima wa juu akiyamaliza, wa chini hapati kitu. Mzalishaji wa kwanza akiruhusiwa kuijaza nafasi yote kwa sababu tu amewahi, wa pili ataambiwa afunge vichujio vya gharama, ingawa mtambo wake ni safi zaidi. Kanuni za kimataifa, hasa ile iitwayo IEC 61000-3-6, zatoa njia ya kugawa nafasi hiyo kwa uwiano wa ukubwa wa kila mmoja, na kuacha akiba kwa watakaokuja. Ni njia ya kiungwana, na mamlaka ya udhibiti, EWURA, pamoja na TANESCO zafaa ziifuate tangu mtambo wa kwanza, wakati ambapo bado hakuna mwenye haki ya zamani ya kuitetea.

Mafunzo ya Kihansi

Kwamba kipimo cha awali hakina mbadala ni somo ambalo bonde hili limelilipia. Ujenzi wa Kihansi ulikuwa umekwisha kuanza ndipo wachunguzi wa mazingira walipomgundua, mwaka 1996, chura mdogo aishiye katika unyunyu wa maporomoko na asiyepatikana pengine popote duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, unyunyu ulipungua mno. Mabomba ya kunyunyiza maji yalifungwa, na baadhi ya vyura walipelekwa Marekani kulelewa. Lakini mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini, na kazi ya kumrudisha ilianza mwaka 2012. Si lengo kulinganisha kiumbe hai na wimbi la umeme. Lakini mwenendo wa kosa ni ule ule: kuchunguza baada ya kuamua. Kinachochunguzwa mapema hugharimu kidogo. Kinachochunguzwa kwa kuchelewa hugharimu sana, na wakati mwingine hakirudi.

Wako wanaosema kwamba masharti ya namna hii yatawakimbiza wazalishaji wadogo ambao nchi inawahitaji. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana sharti lisilo na kipimo hugeuka kuwa kisingizio: afisa yeyote aweza kumkatalia mtu kwa kutaja neno hamoniki. Lakini kipimo chenyewe ndicho kinga ya mzalishaji. Mwenye rekodi ya kabla na baada ana ushahidi. Asiye nayo ana maneno tu. Wala gharama haipasi kumwangukia mzalishaji peke yake. Vyombo vya kupimia hubebeka. Seti chache zikimilikiwa na vyuo vya uhandisi vya umma, zaweza kuhama kutoka kituo hadi kituo, na kupima kukafanywa na mtu wa tatu asiyeuza umeme wala kuununua. Matokeo yake yawekwe wazi, wenye mashine na walimu wayasome.

Hapo ndipo shule inapohusika. Mwalimu wa hisabati hahitaji maabara ili kuwaonyesha wanafunzi wimbi la msingi, hamoniki ya tatu yenye theluthi ya kimo chake na ya tano yenye sehemu moja ya tano, yote kwenye karatasi moja ya grafu, kisha kuwaagiza wayajumlishe nukta kwa nukta. Wataona saini ikianza kugeuka kuwa mraba mikononi mwao. Mwanafunzi wa Ifakara aliyefanya hivyo, kisha akapewa rekodi halisi ya juma moja kutoka kituo cha mji wake, ataweza kuhesabu mwenyewe vipindi vilivyozidi na kuuliza kwa nini vilizidi. Taifa lenye vijana wa namna hiyo halitahitaji kuamini cheti kwa sababu tu kimegongwa mhuri.

Jua la Kilombero lisikataliwe. Lipokewe kwa hesabu, na kazi ya kwanza ianze sasa, wakati nyaya bado hazijaunganishwa: mita iwekwe kwenye kituo cha Ifakara na nyingine kwenye ncha za nyaya ndefu, na irekodiwe hali ilivyo leo.